Soketi ya Chumba cha Mama

20 Januari 1987

Mdogo wangu Bisibisi,

Sisi huku wazima, isipokuwa soketi. Nimeanza na hilo makusudi, maana najua ukiona "mama anakusalimu" unaruka mistari mpaka chini. Usijifanye huruki, nimekulea mimi.

Sasa rudi juu usome salamu vizuri. Mama anakusalimu sana. Daktari anasema moyo wake haujaharibika, umechoka tu, na miguu inavimba kila jioni. Kapewa vidonge na kukatazwa kupanda ngazi, utadhani nyumba yetu ina ngazi. Mimi na cherehani yangu tunapelekana hivyo hivyo. Mwezi huu nina sare za shule hamsini na mbili, na kila mzazi anayeleta mtoto kupimwa ananiambia niache nafasi ya kukua. Nikiwasikiliza wote, watoto wa mtaa huu wataenda shule wamevaa mahema.

Haya, soketi. Ile ya chumba cha mama, upande wa kichwani pa kitanda, imekufa. Redio yake kimya, taa ya mezani kimya. Nikamwita fundi wa kona, yule anayevaa kofia hata akiwa ndani ya nyumba za watu. Kaja, kapiga magoti, hajagusa hata skuru, mama akamwambia, "Wewe, simama." Kasimama. "Soketi hiyo kaifunga mwanangu akiwa na miaka kumi na sita, baba yake amesimama hapo hapo ulipo. Hatafungua mtu mwingine. Akija ataitengeneza." Fundi akaniangalia mimi, mimi nikaangalia dari. Akabeba begi lake akaenda zake.

Akija. Kila asubuhi ndiyo habari hiyo, kabla hata ya chai. "Kasema anakuja lini?" Huu ni mwaka wa nne, mdogo wangu. Nikikuuliza mambo ya nyumbani hunijibu, unajibu mambo ya umeme tu. Basi nakuuliza la umeme: soketi imekufa, unakuja lini?

Na mwandiko wako unalala kushoto mwaka wa tatu sasa. Bado unaandika ukiwa juu ya lori?

Dada yako,
Redio (na bado sijazimwa)


8 Februari 1987

Dada Redio,

Barua nimeipata jana. Pole na mahema. Mpe mama salamu zangu, mwambie avae soksi na aweke miguu juu ya mto, asiwe mbishi. Mimi sijambo. Kazi zimetubana, kampuni bado iko kwenye lile jengo la ghorofa tano na mimi nashinda juu ya ngazi toka asubuhi. Mwandiko ni kalamu mbovu tu.

Usiguse kitu kabla hujamaliza kusoma. Nasema mpaka mwisho, wewe ni mtu wa kuanza kukata kitambaa kabla ya kupima.

Kwanza chukua taa ya mama ukaichomeke sebuleni. Ikiwaka, basi kosa haliko kwenye taa. Halafu chukua ile testa ya marehemu baba, ile bisibisi yenye kijitaa ndani ya mpini, iko kwenye bati la biskuti juu ya kabati la vyombo. Iingize kwenye tundu la chini la kulia la soketi mbovu, kidole kikiwa nyuma ya mpini. Kijitaa kikiwaka, moto unafika pale. Moto ukifika na taa isiwake, basi tatizo liko kwenye njia ya kurudi, yaani waya mweusi.

Sasa ndipo uzime swichi kuu pale korido. Toa ile fyuzi kubwa, tia mfukoni. Si juu ya meza, si kwenye dirisha, mfukoni. Unakumbuka baba alikuwa hagusi waya mpaka fyuzi iko mfukoni mwake, asije akatokea mtu akawasha naye kaushika. Kisha fungua skuru mbili za kifuniko, ukivute taratibu. Utaona waya tatu: mwekundu ndio wa moto, mweusi wa kurudi, kijani wa usalama. Kagua mweusi. Kama umelegea, uingize vizuri kwenye tundu lake na ukaze.

Chumba kile kina giza hata mchana kwa sababu kabati limeziba dirisha. Mwambie mama akushikie tochi. Miaka thelathini kamshikia baba, hakuna anayemshinda kwa kazi hiyo.

Ndimi mdogo wako,
Bisibisi


26 Februari 1987

Bisibisi,

Bado tunapumua. Sare nimemaliza, sasa nina gauni la bibi harusi ambaye kila wiki anarudi kanenepa, na kila wiki ananiambia nimelipunguza mimi.

Fundi mpya wa mtaa huu unazungumza naye. Usicheke. Taa iliwaka sebuleni, kijitaa cha testa kikawaka chumbani, nikajua, ahaa, mweusi! Nikazima, nikatia fyuzi mfukoni mwa aproni, nikapiga magoti. Mama kakaa ukingoni mwa kitanda, tochi kaishika kwa mikono miwili. Mikono inatetemeka siku hizi, ila mwanga haukutetemeka, sijui anafanyaje. Kila nikisogea, mwanga umeshafika. Akawa ananikosoa tu. "Usibane meno, baba yako alikuwa habani meno." "Hiyo bisibisi si kijiko."

Waya mweusi ulikuwa umetoka kabisa kwenye tundu lake. Nikauingiza, nikakaza, nikafunga, nikarudisha fyuzi. Redio ikapiga kelele nikaruka! Nikacheza mle chumbani peke yangu kama kichaa.

Mama akaizima redio. Akasema, "Kumbe unaweza," kwa sauti ile anayosema nayo mtu aliyeibiwa. Kisha akageukia ukutani. Nikabaki na bisibisi yangu, sijui nimekosa nini.

Nilitaka kutia barua hii posta tarehe 20, nikaiacha. Vizuri nimeiacha, maana soketi imekufa tena. Waya mweusi huo huo, umetoka tena. Nimekaza, ikawaka siku tatu, ikafa. Halafu na saa ya umeme ya sebuleni nayo imeanza ukorofi, inachelewa dakika ishirini, siku nyingine nusu saa. Juzi nimempelekea bibi harusi gauni nimechelewa, kaninunia. Hii nyumba imezeeka pamoja na mama.

Anakuuliza. Mimi sisemi kitu tena, nasema tu anakuuliza.

Redio


8 Machi 1987

Dada,

Pole sana na hongera, fundi. Baba angekupa begi lake. Mwambie mama nilikuwa na mafua lakini nimepona, asije akaota vibaya.

Nina maswali. Ulipofungua mara ya pili na ya tatu, plastiki ya soketi ilikuwa nyeusi au imeyeyuka? Palikuwa na harufu ya kuungua? Waya unaolegea wenyewe hupata joto, na joto huacha alama. Kama ni pasafi, nieleze.

Safari hii ncha ya waya ikunje mara mbili kabla ya kuingiza, ikamatwe vizuri. Kaza mpaka bisibisi igome. Halafu chukua rangi ya kucha, najua unayo ile nyekundu, paka tone moja juu ya kichwa cha skuru, liguse na shaba ya pembeni. Likikauka litakuwa kitu kimoja. Skuru ikizunguka hata kidogo, rangi itapasuka. Nikijibiwa hilo nitajua tuko wapi.

Na saa. Inapochelewa, jirani nao wanakuwa wamekatikiwa umeme? Ulizia.

Kuhusu kuja, nafasi bado. Jengo halijaisha. Usinichoshe, dada, nakuomba.

Bisibisi


25 Machi 1987

Mdogo wangu,

Hatujambo, tuseme hivyo. Mama sasa analala amekaa, na mito mitatu mgongoni, akilala chali hapati pumzi. Juzi nimempunguzia gauni zake zote mbavuni. Nilikuwa napima huku nazungumza, nazungumza, ili asione nimeona nini.

Jirani hawakukatikiwa umeme. Plastiki ni safi, haina harufu. Rangi ya kucha nilipaka. Zaidi ya hapo usiniulize habari za rangi.

Sasa na mimi nina vipimo vyangu. Nimekaa nimepanga barua zako zote kwenye meza ya kukatia. Kila moja ina tarehe ya mwanzo wa mwezi, na kila moja ni Jumapili. Barua inafika kwako, inangoja, halafu Jumapili moja tu kwa mwezi unajibu. Siku nyingine uko wapi? Halafu mwandiko. Herufi zako zilikuwa zimesimama wima, mwalimu wako alikuwa anazionyesha darasani. Nani anakuandikia?

Niambie. Umefungwa? Una mke hutaki tumwone? Una ugonjwa? Mimi nitapokea lolote. Kitu ambacho sitakipokea ni jengo la ghorofa tano. Jengo gani hilo miaka minne haliishi, mnalijenga kwa kijiko?

Mama yako anakwisha, Bisibisi. Nimeandika na sitafuta.

Dada yako


5 Aprili 1987

Dada yangu,

Leo sina salamu ndefu, nisamehe. Nimeanza barua hii mara nne.

Skuru haijilegezi mara tatu ndani ya miezi miwili ikiacha plastiki safi. Saa ya sebuleni haichelewi peke yake na jirani wana umeme, ila kama kuna mtu anazima swichi kuu kwa dakika ishirini kisha anairudisha. Mtu huyo anajua afungue skuru ipi, na anajua asiguse waya kabla ya kukata umeme. Nyumba ile imewahi kuwa na watu wanne tu waliofundishwa hivyo. Baba hayupo, mimi sipo, na wewe huwezi kujiharibia kazi yako mwenyewe. Najua rangi ilipasuka. Najua ni nani. Na najua anataka nini.

Dada, siwezi kuitengeneza.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nafunga ubao wa swichi na fyuzi kwenye ghala. Tulikuwa na haraka, nikazima swichi, nikaacha fyuzi mahali pake. Sikuitoa. Sikutia mfukoni. Mwenzangu akaja toka upande wa pili, akaona giza, akawasha. Mkono wa kulia uliungua mpaka kwenye kiwiko. Vidole vitatu vimejikunja na haviamki. Siwezi kushika bisibisi, siwezi kufunga kifungo cha shati. Ninaandika kwa kushoto, hakuna anayeniandikia.

Kitu kimoja tu baba alichotufundisha tangu tukiwa watoto, na ndicho nilichoacha. Nije nimwonyeshe mama nini? Hata huko hospitali nilikuwa namsikia baba akiuliza fyuzi iko wapi.

Kampuni hawakunifukuza, wamenipa kazi nyepesi ya ofisini hapa hapa, kwa hiyo anwani ni ile ile. Usimwambie mama, nakuomba kwa machozi. Mwambie nitakuja mambo yakitulia.

Mdogo wako


20 Aprili 1987

Mdogo wangu wa pekee,

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, nikakaa chini sakafuni. Nimelia mpaka mama akaita kuuliza nani kafa. Mkono wako! Ule mkono niliokuwa nauosha sabuni mimi, unanificha mimi miaka mitatu? Wewe mjinga. Mjinga wewe, na nakupenda, na ningekuwa karibu ningekuchapa kwanza ndipo nikukumbatie.

Sasa nikuambie la rangi, kwa kuwa umeshalijua. Ilipasuka. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kumshtaki mama kwa mwanawe. Lakini wiki iliyopita nilipeleka nguo kwa mteja nikarudi mapema. Nyumba kimya. Cherehani yangu ya umeme haiwaki, saa imesimama. Nikaenda kwenye ubao wa swichi pale korido, fyuzi kubwa haipo. Nikaingia chumbani. Mama kalala amekaa sakafuni, kaegemea kitanda, bisibisi ndogo ya baba mkononi, ndala kavaa ya kulia kushoto. Fyuzi iko mfukoni mwa sweta yake.

Dada yako nimehesabu hatua za korido ile. Ni kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi. Mama huyo bafuni hafiki bila kuniegemea. Alikwenda kwa kushika ukuta, akazima, akatoa fyuzi, akarudi, akapiga magoti, akalegeza, akashindwa kuinuka kwenda kuirudisha. Usingizi ukamkuta.

Akafumbua macho akasema, "Umewahi kurudi leo." Nikamwuliza, mama unafanya nini? Akasema, "Namtengenezea kazi. Salamu zangu hajibu, umeme anajibu."

Halafu nimekuasi. Nilimsomea barua yako. Neno kwa neno, hata la fyuzi. Hakushtuka. Aliingiza mkono ndani ya foronya ya mto akatoa barua zako zote, akanionyesha ya zamani na ya sasa. "Mimi ndiye niliyemshika mkono akajifunza kuandika. Nisijue kabadili mkono? Nimejua tangu ya kwanza. Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe." Nikamwuliza, sasa kama ulijua hawezi kushika bisibisi, soketi unaiharibu ya nini? Akaniona mimi ndiye mjinga. Akasema, "Nani kasema nataka soketi? Nataka apige magoti pale, nimshikie tochi. Aniulize mama unaona, nimwambie naona. Basi."

Ndiyo hayo tu anayotaka, Bisibisi. Wala hajakukasirikia. La fyuzi kasema, "Baba yake naye alisahau mara mbili. Mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha. Mwanangu hakuwa na mtu wa kumkumbusha." Uje sasa. Usingoje mambo yatulie, hapa hayatulii. Hali ikibadilika nitapiga telegramu hapo kampuni, ikufikie siku hiyo hiyo.

Redio wako


3 Mei 1987

Mama mpenzi na Dada,

Mama, shikamoo. Shikamoo tena, kwa zile zote nilizoruka. Dada akusomee hii polepole.

Nakuja. Nitapanda basi Jumatatu tarehe 8 Juni, ruhusa nimeshaomba. Ningekuja kesho, lakini nina kitu namalizia. Nimenunua soketi ya zamani, nimeipigilia kwenye ubao hapa chumbani kwangu, na kila nikitoka kazini nafunga na kufungua kwa mkono wa kushoto. Wiki ya kwanza skuru zilikuwa zinaanguka tu. Sasa nafunga moja kwa dakika tisa. Nataka nikifika niweze kufunga mbili mbele yako bila kuzidondosha.

Dada, usiikaze soketi. Iacheni hivyo hivyo. Nunua betri mpya za tochi.

Bisibisi


TELEGRAMU, 9 Mei 1987

MAMA HALI MBAYA ANAKUULIZIA USINGOJE JUNI NJOO LEO — DADA


20 Mei 1987

Kwako,

Tumemzika mama Jumatano tarehe 13.

Telegramu niliituma Jumamosi asubuhi. Alikata roho Jumatatu mchana, saa nane kasoro. Tulimweka siku mbili nikikungoja, watu wakasema tuzike, nikasema bado, mwanawe yuko njiani. Kila basi lililoingia nilimtuma mtu stendi. Mwisho nikanyamaza, tukazika.

Sijui niandike nini. Niliiandika ile telegramu mwenyewe, karani alinisomea mara mbili, na jina la kampuni lilikuwa sahihi. Mtu akipata maneno yale anakaaje? Mkono mmoja hauzuii mtu kupanda basi. Nimekasirika mpaka nasikia joto masikioni, na hata hasira hainipunguzii kitu.

Jumapili yote alikuwa na tochi kitandani. Betri nilizinunua siku barua yako ilipofika, na barua yenyewe kaniambia nimsomee mara tano. Kila mlango ukilia, aliwasha tochi akaielekeza pale kwenye soketi. Nikimwambia ni jirani, mama, anazima, anasema, "Betri zisije zikaisha." Jumatatu mlango ulilia, hakuwasha. Nikajua.

Baada ya mazishi watu walitaka mahali pa kuchomeka birika. Shangazi akaingia chumbani, akaona soketi haifanyi kazi, akamwita fundi wa kona. Sikuwa na nguvu za kumzuia. Kaikaza kwa dakika mbili. Inawaka. Haijazima hata siku moja, na saa ya sebuleni haijachelewa hata dakika. Napita pale naiona taa ya mama inawaka vizuri, na moyo wangu unakatika.

Dada yako


7 Juni 1987

Dada,

Sistahili kukusalimu.

Sifanyi kazi kampuni. Sikuwahi kupewa kazi ya ofisini. Walinilipia hospitali wakaniambia nipumzike, na mpaka leo napumzika. Niko mlinzi wa mchana kwenye kiwanda cha mbao, upande mwingine kabisa wa mji. Naandika namba za malori yanayoingia na kutoka, ndivyo nilivyojifunza kushoto. Nilikuacha na anwani ya kampuni kwa sababu kwenye bahasha ilikuwa inasomeka fundi. Bawabu wa pale ananiwekea barua kwenye mtoto wa meza, na mimi nazifuata Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku yangu ya mapumziko. Uliona tarehe zote, dada. Ungehesabu siku moja nyuma, kwenye Jumamosi, ungejua.

Jana nilikuwa na begi begani. Tiketi ya kesho mfukoni, na soketi yangu ya mazoezi ndani ya begi nimwonyeshe mama. Nikasema nipitie kwa bawabu, pengine mnataka niwaletee kitu. Akanipa vyote viwili pamoja, barua yako na telegramu. Nilifungua barua kwanza, kwa kuwa nilijua mwandiko wako. Telegramu nimeisoma baadaye. NJOO LEO. Ilikaa mezani siku ishirini na nane.

Hakuna aliyenichelewesha. Nimejichelewesha kwa bahasha. Angeniona na vidole vyangu hivi angenishikia tochi, na mimi nilikuwa naona aibu ya kitu alichokuwa anakijua.

Tiketi nimeirudisha. Nije kufanya nini sasa? Soketi inawaka. Usiniandikie tena, sitakulaumu.

Aliyekuwa ndugu yako


21 Juni 1987

Bisibisi,

Barua hii nimeiandikia kiwanda cha mbao, kwa mlinzi wa mchana. Karani wa posta kaniuliza jina, nikamwambia wataijua tu, ni yule anayeandika kwa kushoto.

Mimi sijambo. Bibi harusi kaolewa, gauni lilimbana.

Nimekulilia na nimekutukana, vyote nimemaliza. Sasa sikiliza la umeme.

Soketi ya chumba cha mama imekufa tena. Saa ya sebuleni imesimama. Rangi ya kucha imepasuka. Fundi wa kona kapita jana kuuliza kama kuna kazi, nimemwambia soketi hiyo ina mwenyewe.

Fyuzi iko mfukoni mwangu na haitoki. Nashona kwa kuzungusha cherehani kwa mkono, na nitaendelea hivyo hivyo mpaka utakapopiga magoti pale. Zile betri bado zina nguvu, mama alizitunza. Tochi nitashika mimi.

Dada yako